Suria na Baba Bandia

Sehemu ya Kumi na Moja

Tulimwacha Lalezar nyuma ya kimia cha dirisha, kiganja mdomoni, akisikiliza kiapo ambacho hakuna aliyekitaka isipokuwa mwenye kukiapa.

Khan Temir wa Krimea alikuwa amesimama barazani katika mji wake wa Bakhchisarai, mbele ya mabeyi wake wote, wakuu wa koo, na mbele ya mjumbe kutoka Polandi. Alikuwa ameshika ndevu zake. Akasema: "Huyo mjakazi Motria unayemtaka, hata akiwa amejificha chini ya mto wangu wa kulalia, kesho baada ya adhuhuri nitakukabidhi mkono kwa mkono."

Mabeyi wakacheka. Khan naye akacheka. Lalezar hakucheka, kwa sababu mto huo aliujua vizuri, na Motria alimjua vizuri zaidi. Motria ni yeye.

Kama gazeti la wiki zilizopita lilifungiwa vitumbua kabla hujalisoma, nitakukimbiza upesi. Motria alizaliwa mtumwa wa shamba huko Podolia, jimbo la Polandi, katika kijiji cha Zalissia, mali ya Bwana Horinski kama zilivyokuwa mali yake ng'ombe, kinu na bwawa la samaki. Baba yake, Hryts, alikuwa mfugaji nyuki wa Bwana. Motria alipofika miaka kumi na minane, wapanda farasi wa Krimea walishuka kijijini, wakamfunga kamba, wakamtembeza hadi soko la Kefe. Huko alinunuliwa na Agha Anber, msimamizi wa nyumba ya wanawake ya Khan, akapelekwa kufua.

Siku moja Khan alipita karibu na mabirika ya kufulia akasikia kicheko. Akauliza yule anayecheka vile ni binti wa nani. Agha Anber aliona aibu kumwambia mtawala kwamba moyo wake umenaswa na mtoto wa mrina asali. Akatamka jina la kwanza lililomjia, jina ambalo Motria alikuwa akililaani tangu asubuhi.

"Ni binti wa Bwana Horinski," akasema.

Uongo ule ulinenepa kama kondoo wa Idi. Motria akaitwa Lalezar, akavaa hariri, akawa suria kipenzi. Miaka mitatu Khan amejisifu kwa mabalozi kwamba ana binti wa nasaba kubwa ya Polandi nyumbani mwake.

Na sasa Bwana Horinski mwenyewe yuko barazani, na masharubu yake, na ombi lake moja: apewe mjakazi wake Motria, naye atawaachia mateka saba wa Krimea aliowaleta mpaka langoni. Mmoja wao ni mtoto wa kiume wa Kutlu Bey, mzee ambaye akikasirika hupanda farasi na watu elfu kumi nyuma yake.

Haya. Tuingie ndani.

*

Agha Anber aliingia chumbani kwa Lalezar bila kubisha hodi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alikuwa mtu mrefu, mweusi, mtaratibu wa kusema na wa kutembea. Siku hiyo alitembea kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake.

Akamwambia kwamba wote wawili wamekwisha. Khan akijua ukweli, yeye Anber kichwa chake kitatenganishwa na kilemba chake. Lalezar akamjibu kwamba kichwa chake angalau kitabaki Bakhchisarai. Yeye atarudishwa mzima Zalissia, na hajui kipi kibaya zaidi.

Anber akatoa shauri la ugonjwa. Lalezar akakataa, wagonjwa hupona. Akatoa shauri la pili: kule kwenye mabirika ya kufulia wamejaa wasichana wa Podolia, achukuliwe mmoja, aambiwe kuanzia leo anaitwa Motria, akabidhiwe.

Lalezar akamtazama mpaka mzee wa watu akainamisha macho.

"Agha," akasema, "mimi nimefagia nyumba ya yule bwana miaka tisa. Simpelekei mtoto wa mtu."

Hawajamaliza, vigae vya ukumbi vikasikika vikilia. Hatua zile zilijulikana nyumba nzima. Khan alitembea haraka akiwa na furaha na polepole akiwa na hasira, na siku hiyo alikuwa akikaribia kukimbia.

Akaingia uso unang'aa. Akamwambia Lalezar akae chini, asije akaanguka. Lalezar akakaa.

"Yule mjumbe," Khan akasema, "nimemuuliza jina lake barazani. Unajua kasema nani?"

Lalezar akatikisa kichwa.

"Horinski. Ua langu, baba yako yuko hapa."

Msomaji, umewahi kumwona mtu anayepewa zawadi ya nyoka akalazimika kushukuru? Lalezar alitia uso wake katika viganja. Khan akadhani analia kwa furaha, akampapasa bega, naye macho yakamlowa. Akaeleza kwamba hakumwambia mgeni lolote mbele ya watu, alitaka iwe siri ya kupendeza. Mkalimani amemnong'oneza tu kwamba binti yake yu hai na anamngoja kwenye ukumbi wa chemchemi. Mama yake Khan atakuwepo kulinda heshima ya nyumba.

Khan alipotoka, Anber alijiegemeza ukutani na kuanza kusoma dua ya safari.

*

Bwana Horinski alikuwa na wana wawili wa kiume na hakuna binti hata wa dawa. Lakini ni mtu aliyekaa na wakubwa, alijua kwamba katika nyumba ya Khan hukatai kitu kabla hujakiona. Akaingia ukumbini amevaa koti la manyoya, mwezi wa saba, jasho likimtiririka, maana koti lile ndilo lililobaki la kuonyesha ubwana.

Upande mmoja, juu ya mito, alikaa mama yake Khan, ambaye jumba zima lilimwita Ana-Beyim. Alikuwa kikongwe mdogo kama kuku wa mwisho wa kapu, tasbihi mkononi, macho yamefumbwa nusu. Kwa miaka mitatu alikuwa hajamwambia Lalezar neno la upole. Lalezar naye alikuwa na dawa yake: kila kikongwe alipomkaripia, yeye aliinama, akatabasamu, akamtukana taratibu kwa lugha ya kwao Podolia, ambayo pale ndani hakuna aliyeijua.

Lalezar hakungoja. Akamkimbilia Bwana Horinski, akamrukia shingoni. Khan, aliyesimama mlangoni, akavuta pumzi ndefu.

"Nikumbatie, Bwana," Lalezar akamwambia sikioni, kwa lugha ya kwao. "Ulie pia. Tunatazamwa."

"Wewe nani?"

"Motria wa Hryts. Wa mizinga."

Bwana Horinski akakakamaa kama gogo. Lalezar akamfinya ngozi ya shingo chini ya manyoya, na machozi yakaja yenyewe. Khan alipoona mzee wa kigeni anabubujikwa vile, alishindwa. Akatoka, kwa sababu mabeyi walikuwa uani na haikufaa wamwone akijifuta pua.

Wakabaki wanne: baba bandia, binti bandia, kikongwe na tasbihi yake, na Agha Anber aliyesimama mlangoni kama mtu anayengoja kunyongwa lakini amewahi mapema.

Neno la kwanza la Bwana Horinski, baada ya miaka mitano, halikuwa pole wala habari.

"Sanduku liko wapi?" akauliza.

Ndipo Lalezar akaelewa kila kitu. Siku ya uvamizi, mkewe Bwana Horinski alimkabidhi Motria sanduku la vyombo vya fedha, akamwamuru akalifukie haraka. Motria alilifukia, akarudi mbio kumtafuta baba yake, akakamatwa njiani. Bibi mwenyewe alikufa kwa homa majira hayo ya baridi bila kujua lilifukiwa wapi. Na Bwana, aliyekuwa amefilisika hata kabla ya vita, alikuwa amevuka nyika nzima kumtafuta mjakazi mmoja, akisema mbele ya wafalme kwamba anawahurumia watu wake.

"Nimechimbua bustani nzima," akalalamika, bado amemkumbatia. "Shamba la kabichi. Banda la mabata bukini. Nimechimba mpaka chini ya madhabahu, padri ananichukia."

"Pole sana, Baba," Lalezar akasema, akimpigapiga mgongoni.

Bwana Horinski akakumbuka kwamba yeye ni bwana. Akamwambia kwamba anaweza kupaza sauti dakika hiyo hiyo na kumwambia Khan amelala miaka mitatu na mjakazi wa kufagia. Lalezar akamwambia apaze. Kesho atakabidhiwa kwake kama kiapo kinavyotaka, atarudi naye Zalissia, na bahati mbaya njiani kuja huku aliwahi kupigwa kichwani. Kumbukumbu zake huja na kuondoka. Akipigwa tena, huenda zikaondoka moja kwa moja.

Bwana akafikiri. Alikuwa hajawahi kujadiliana na mtu aliye mali yake, na alikuwa hajui pa kuanzia.

Akaanza vibaya. Akasema kwamba Hryts, baba yake, yuko nje langoni, kwenye gari la ng'ombe. Alimleta aje kumtambua binti yake.

Lalezar akaacha kumpigapiga mgongoni. Kwa miaka mitano alikuwa amemzika baba yake kila siku ya Mungu, kwa sababu alipofungwa kamba aliona moshi ukitoka upande wa mizinga. Sasa akalia kweli, kwa sauti, akiwa ameegemea manyoya ya mtu aliyemchukia kuliko watu wote duniani, maana ndilo bega lililokuwepo. Ana-Beyim akamwashiria Anber ampelekee leso.

Alipomaliza kujifuta pua, sauti yake ilikuwa nyingine. Akasema anataka mambo mawili. Baba yake aandikiwe hati ya kuwa mtu huru. Na kesho Bwana aseme barazani kwamba amepata habari kuwa Motria alikufa Kefe, awaachie mateka saba kwa heshima ya binti yake Lalezar, aende zake. Hapo ndipo atakapoambiwa sanduku lilipo.

Bwana Horinski akasaga meno. Akasema haya, amekubali.

"Na mimi?" ikauliza sauti ya tatu. "Mimi mtanipa nini ili ninyamaze?"

Sauti ilikuwa ya kizee, ya kukwaruza. Lugha ilikuwa ya Podolia, ile ya zamani, wanayosema mabibi wa vijijini wakati wa kupukuchua maharage.

Ana-Beyim alikuwa amefumbua macho yote mawili.

*

Lalezar aliniambia, na mimi nakuambia wewe, kwamba hofu ya soko la Kefe haikufika hata nusu ya hofu ya dakika ile. Si kwa sababu ya sanduku. Kwa sababu ya ile miaka mitatu ya matusi.

"Jumatatu nilikuwa bundi," Ana-Beyim akasema. "Jana mbuzi mzee. Kuna lile la kiatu kilichotafunwa na mbwa, hilo nililipenda. Mama yangu alikuwa akimwita hivyo shangazi."

Lalezar akapiga magoti. Kikongwe akamwambia asimame, atachafua hariri ambayo mwanawe ameilipia.

Kisha akasema, kwa maneno machache, jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu ndani ya jumba lile. Aliitwa Uliana. Alichukuliwa akiwa na miaka tisa, kutoka kijiji kilicho mwendo wa siku mbili tu na Zalissia. Alifua nguo kwenye mabirika yale yale. Khan mzee, baba yake Temir, alimchukua akamzalia. Alipopata cheo cha mama wa Khan hakubaki mtu wa hadhi yake wa kusema naye lugha ya kwao, na alidhani imekwisha mdomoni, mpaka alipokuja msichana mmoja akamtukana kwa lafudhi ya nyumbani. Alimkaripia kila siku ili atukanwe tena.

Agha Anber, ambaye hakuelewa hata neno, aliona wanawake wawili wanatazamana na mmoja wao anakaribia kucheka. Akaamua kwamba huenda ataishi.

Lakini Ana-Beyim hakuwa mtu wa kucheka muda mrefu. Akawaambia wote wawili kwamba shauri lao ni la kitoto. Mwanawe ameapa mbele ya mabeyi. Kiapo kinachokwepwa kwa uongo ni kiapo kilichovunjwa, na siku uongo utakapojulikana, Kutlu Bey na wenzake watauliza Khan asiye na neno anatawala nini. Kwa hiyo kesho ukweli utasemwa. Lalezar atausema mwenyewe, barazani, watu wote wakisikia. Asimwambie Khan faraghani, kwa maana atatafuta njia ya kumficha. Atakabidhiwa kwa Bwana Horinski, mkono kwa mkono, kama kiapo kinavyosema.

"Nawe," akamgeukia Bwana, "utachukua kalamu hapo hapo mbele ya kadhi, uandike kwamba umewaacha huru, yeye na baba yake. Hapo utanong'onezwa sanduku lako. Ukijaribu hila, kumbuka kwamba ni mimi ninayechagua nani anakupikia chakula cha safari."

Bwana Horinski akasema hati mbili ni kitu kidogo sana.

*

Kesho yake, baada ya adhuhuri, baraza lilijaa mpaka ngazi za nje. Ndugu zake Kutlu Bey walikuwa wamekwisha kuchinja kondoo langoni. Khan alikaa amependeza, akamuuliza Agha Anber kama yule mjakazi amepatikana.

Anber akajibu kwamba amepatikana, na hakusema zaidi. Pazia la upande wa wanawake likafunguka. Lalezar akatoka amejifunika ushungi, akasimama katikati ya zulia ambalo mwanamke hakuwahi kulikanyaga.

"Mimi ndiye Motria binti Hryts, mfugaji nyuki wa Zalissia," akasema. "Sikuzaliwa na bwana yeyote."

Khan akacheka, kwa sababu alidhani ni mzaha wao wa siku zote. Akamtazama Bwana Horinski. Mzee alikuwa akitazama viatu vyake. Akamtazama Anber, Anber alikuwa ameshapiga magoti. Akamtazama mama yake nyuma ya kimia, na tasbihi ikaendelea kugonga, tik, tik. Kicheko kikakauka.

Hakufoka. Wenye kumjua walisema ingekuwa afadhali angefoka. Aliuliza jambo moja tu, polepole, kama mtu anayepapasa jino linalouma.

"Ile nyumba uliyonisimulia. Vyumba arobaini, dari za nyota, ngazi ya mwaloni. Ilikuwa uongo pia?"

"Hapana, Bwana wangu. Vyumba ni arobaini kweli. Nilivifagia."

Mtu mmoja nyuma akacheka, akanyamazishwa kwa kiwiko. Khan alifumba macho. Akauliza kwa nini hakumwambia. Lalezar akajibu kwamba mara ya kwanza aliogopa kupoteza maisha, na baadaye aliogopa kumpoteza yeye, na hofu ya pili ilikuwa kubwa zaidi. Hayo hayakuwa maneno ya kusemwa mbele ya mabeyi. Mabeyi kadhaa walikohoa.

Kutlu Bey alikohoa kuliko wote. Akakumbusha, kwa adabu zote, kwamba mwanawe yuko langoni na kiapo kiko barazani.

Khan akasimama. Akashuka ngazi tatu za kiti chake, akamshika Lalezar mkono. Waliokuwa karibu wanasema alichelewa kuuachia. Kisha akauweka mkono ule ndani ya mkono wa Bwana Horinski, uliokuwa umelowa kama samaki.

"Neno langu limetimia," akasema, akageuka asione.

Kwa hiyo hakuona kadhi akiinua kalamu. Hakuona Bwana Horinski akitia sahihi mara mbili. Alisikia tu sauti ya kadhi ikisoma kwamba Motria na baba yake wameachwa huru kwa hiari ya mmiliki wao, na hakuna mtu juu ya ardhi mwenye haki juu ya shingo zao. Aligeuka haraka mpaka kilemba kikacheza.

Bwana Horinski akainamisha sikio. Motria akamnong'oneza.

Siku ile ya uvamizi, akamwambia, palikuwa na shimo moja tu lililokwisha kuchimbwa uani, na mafundi walikuwa wamekimbia na kuliacha wazi. Lilikuwa shimo la choo kipya cha Bwana. Alilitumbukiza sanduku, akalifukia kwa udongo mpaka nusu. Na kama mafundi walirudi wakamalizia kazi yao, basi Bwana amekuwa akilikalia kila asubuhi kwa miaka mitano.

Mjumbe wa Polandi aliondoka bila kuonja pilau. Aliyemwona akipita mtoni anasema koti la manyoya lilikuwa linaruka kama bata.

*

Barazani Khan alikuwa amepata roho yake upya. Akasema mambo yameisha vizuri, kiapo kimetimia, mateka wamerudi, na Agha Anber atasamehewa akishafunga mwezi mzima. Akamwambia Lalezar aingie ndani, wataongea.

Kadhi hakuondoa mguu wake. Alikuwa mtu wa vitabu, hakuwa na ubaya na mtu.

"Bwana wangu," akasema, "mwanamke huyu ni huru. Mwanamke huru hawi suria wa mtu. Mlango ule ataupita kwa nikahi, au hataupita."

Khan akamtazama kadhi, akatazama mlango, akatazama kimia ambacho mama yake alikaa nyuma yake. Ikampambazukia kwamba kuna mtu ameyapanga haya kwa makini.

"Basi tufunge ndoa," akasema. "Sasa hivi. Mashahidi wamejaa."

Kadhi akamgeukia Motria, akamuuliza kama kawaida ya kazi yake, kwa sauti ile ile anayomuuliza kila bibi harusi wa Bakhchisarai: je, anakubali?

Motria alinyamaza muda mrefu hata watu wakadhani hakusikia. Alikuwa amesikia. Alikuwa anajaribu kukumbuka kama amewahi kuulizwa. Bwana Horinski alimwamuru. Wapanda farasi walimfunga. Dalali wa Kefe alimfungua mdomo akahesabu meno. Khan, pamoja na wema wake wote, alinyoosha kidole kuelekea mabirikani na kusema "yule". Ana miaka ishirini na mitatu, na hili lilikuwa swali la kwanza.

"Kwetu mtu akitaka mke hutuma mshenga," akasema mwishowe. "Na kwenu pia, nimeona. Nitakuwa kwa baba yangu."

Akainama kwa Khan, akatoka kwa mlango mkubwa wa wanaume, kwa sababu ndio uliokuwa karibu.

*

Hryts alikuwa amekaa kwenye gari la ng'ombe nje ya lango, kofia magotini. Alipoona bibi wa hariri anamjia, akasimama, akainama mpaka chini, kama alivyofundishwa kuwainamia wanawake wa namna hiyo. Akabaki ameinama. Motria akamwita Baba mara mbili kabla mzee hajanyoosha mgongo.

Sitakueleza yaliyofuata. Ng'ombe wenyewe walitazama pembeni.

Baadaye wakakaa pamoja juu ya gari. Hryts aliisoma hati yake kwa vidole, kwa kuwa kwa macho hakujua kusoma, akauliza kama karatasi hii ina maana mizinga ni yake. Binti akamwambia mizinga hapana, lakini mikono yake ni yake. Mzee akaitazama mikono ile pande zote mbili. Akasema wanaweza kwenda popote. Njia ya kaskazini ilikuwa wazi mbele yao.

Habari ilikuwa imeshuka sokoni kabla yao wote. Wachoma nyama waliacha moto, watengeneza viatu wakaacha nyundo, wakaja kusimama kando ya mto Churuk-Su kuona Khan atamtuma nani. Wengine walisema kadhi. Wengine walisema Kutlu Bey, kwa kuwa amefaidika. Mmoja aliapa atakuja Khan mwenyewe, wenzake wakamwambia apunguze kunywa kumisi, pombe ya maziwa ya farasi.

Adhana ya alasiri ilipomalizika, lango likafunguliwa, na umati ukagawanyika bila kuambiwa.

Alitoka kikongwe mdogo, bakora mkononi, peke yake, Agha Anber akimfuata kwa hatua kumi. Ana-Beyim hakuwa amelivuka lango lile kwa miaka thelathini. Akatembea hadi kwenye gari, akamsalimu Hryts kwa kichwa kama mzazi anavyomsalimu mzazi mwenzake, akaomba nafasi. Motria akamshika mkono, akamkalisha.

Kikongwe akatafuta pumzi. Halafu akasema kwa sauti, kwa lugha ya Krimea, ili soko zima lisikie, kwamba mwanawe Temir amemtuma kumposa Motria binti Hryts, kwa nikahi na kwa heshima, na anataka jibu kabla jua halijagusa milima. Watu wakapiga vigelegele. Mtu akaanza kupiga ngoma. Motria alikuwa anatabasamu, mdomo umeshafunguka kujibu.

Ana-Beyim akamkaza kiganja. Akainama sikioni kwake, ngoma zikimfunika, na akasema kwa lugha ya Podolia.

"Nimeshasema niliyotumwa. Sasa sikiliza nililojia mwenyewe, mimi Uliana ambaye hakuna aliyeniuliza. Kataa."